Humeti na jeli ya maji kwenye zabibu: nilichokiona kwa maji magumu ya Dodoma

Msimu huu nimenunua bidhaa mbili kutoka duka moja la pembejeo hapa Dodoma mjini, na zote niliuziwa kwa maneno yale yale: zinashika maji na madini, mmea unakula kidogo kidogo. Moja ni unga mweusi wa humeti ya potasiamu, kilo moja shilingi 18,000. Nyingine ni chembe nyeupe za poliakrileti ya potasiamu, ambazo huku tunaziita jeli ya maji, nusu kilo shilingi 15,000. Majina ya viwanda nayaacha, maana haya ninayoyaandika yatatokea kwa pakiti yoyote ya aina hizo. Kinachoamua ni maji unayochanganyia.

Mwenye haraka achukue hukumu yangu hapa hapa. Humeti naipa nyota nne. Jeli, kwa shamba linalomwagiliwa na kisima kama changu, nyota moja; kwa kitalu cha mtu mwenye tangi la maji ya mvua, nyota nne. Tofauti hiyo kubwa ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika, kwa sababu dukani hakuna anayekuuliza maji yako yanatoka wapi.

Shamba langu liko upande wa Hombolo, zabibu za Makutupora Nyekundu, udongo mwekundu wa kichanga ambao sehemu nyingine ukichimba futi mbili unakutana na chokaa nyeupe. Mvua hapa ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na jumla yake kwa mwaka haivuki sana milimita 600, kwa hiyo muda mwingi ni kisima kirefu na mipira ya matone. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya maji, basi ugumu wa kisima changu, yaani wingi wa kalsiamu na magnesi kwenye maji, naupima mwenyewe. Unachukua mililita 50 za maji, unatia bufa, dawa ya kutuliza pH (kipimo cha asidi na alkali), ili ifike 10, unatia kiasi kidogo cha rangi ya Eriochrome Black T, na maji yanakuwa mekundu ya mvinyo. Halafu unafungua bureti (mrija wa vipimo wenye bomba dogo) yenye EDTA, kemikali inayokamata metali, tone baada ya tone, huku unatikisa. Wekundu unaanza kufifia, unakuwa zambarau, na tone moja likizidi maji yote yanageuka bluu. Hapo EDTA imeshika kalsiamu na magnesi zote zilizokuwamo, hata zile zilizokuwa zimeshikwa na rangi. Kisima changu kinasoma karibu miligramu 400 kwa lita kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti. Kuanzia 180 tayari yanahesabiwa kuwa magumu sana. Kwa kipimo cha maabara hizo ni milimoli 4 za kalsiamu na magnesi katika kila lita; moli ni kipimo cha kuhesabia idadi ya chembe, na milimoli ni sehemu yake ya elfu. Namba hiyo 4 mkae nayo, itarudi.

Sasa, ndani ya pakiti nyeusi mna nini? Humeti ni chumvi ya asidi ya humiki, na asidi hiyo ni ile sehemu nyeusi ya mboji inayoyeyuka kwenye alkali. Mjerumani Franz Karl Achard aliitoa kwenye piti (udongo wa mimea iliyooza kwenye kinamasi) mwaka 1786 kwa njia ambayo mpaka leo haijabadilika sana: unaloweka kwenye alkali, unapata maji meusi, ukitia asidi weusi unaganda na kuzama. Ya madukani mara nyingi hutoka kwenye leonardaiti, yaani makaa ya mawe ya kahawia yaliyooza kwa kukutana na hewa, ambayo huchemshwa na potasiamu haidroksaidi ili iyeyuke. Hakuna molekuli moja ya humiki unayoweza kuichora ubaoni. Ni mchanganyiko wa vipande vikubwa na vidogo, kila kimoja na umbo lake, lakini vyote vina mikono ya aina mbili: ya kaboksili na ya fenoli. Kwenye udongo wa kawaida mikono ya kaboksili huwa imeachia haidrojeni yake na kubaki na chaji hasi, na ioni za metali, yaani chembe zake zenye chaji, zina chaji chanya. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Mikono hiyo haishiki metali zote sawasawa. Potasiamu na sodiamu zinazungukazunguka tu karibu yake, zinatoka na kuingia. Kalsiamu na magnesi zinashikwa kiasi. Shaba, risasi na chuma chenye chaji tatu vinakamatwa haswa, mara nyingi kwa mikono miwili au zaidi kwa pamoja, na kuvitoa ni shida. Kwa metali zenye chaji mbili kuna mpangilio ambao wanakemia Irving na Williams waliuandika mwaka 1953: nguvu ya kushikwa inapanda kutoka manganisi, chuma, kobalti, nikeli, inafika kileleni kwa shaba, halafu inashuka kwa zinki. Na kwa kuwa mikono ya humiki haifanani, ioni za kwanza kuingia zinakwenda kwenye sehemu zenye nguvu zaidi, zinazofuata zinabaki na sehemu dhaifu. Ndiyo maana shaba kidogo kwenye udongo wenye mboji inatulia kabisa, lakini ukizidi kuongeza kila msimu unafika mahali inaanza kuzurura.

Jeli ni kinyume chake kwa umbo. Ni polima ya kiwandani, mnyororo mrefu unaorudia kipande kile kile, na kila kipande kina mkono mmoja wa kaboksili. Minyororo imefungwafungwa pamoja ili isiyeyuke. Ikikutana na maji safi, chaji hasi zinasukumana, minyororo inatanuka na maji yanaingia. Pampasi za watoto zina ndugu yake wa sodiamu, na nimeona watu mjini wakipasua pampasi mpya na kuchanganya ule unga kwenye vyungu vya maua. Msifanye hivyo kwenye shamba la kudumu. Sodiamu inaharibu udongo wetu, na ndiyo sababu ya kilimo hutengenezewa ya potasiamu.

Nikaweka bilauri za kioo dirishani, maji ya mvua upande mmoja, maji ya kisima upande wa pili.

Humeti kwenye maji ya mvua iliyeyuka yote, nyeusi na safi, na kesho yake chini hapakuwa na kitu. Hicho pia ni kipimo kizuri cha kujua kama umeuziwa humeti au umeuziwa vumbi la makaa: vumbi la makaa halikubali, linakaa chini na maji ya juu yanabaki na rangi ya chai hafifu. Kwenye maji ya kisima iliyeyuka vilevile mwanzoni, nikafurahi, lakini asubuhi kulikuwa na tope jembamba chini. Nilipodondoshea kalsiamu naitreti kidogo kwenye bilauri ya maji ya mvua, tope lilikuja palepale mbele ya macho: weusi uligawanyika ukawa vipande laini vinavyoelea, vikashikana, vikaanza kushuka, na juu yakabaki maji ya kahawia yanayoonesha vidole vyangu upande wa pili. Kalsiamu ina chaji mbili, hivyo inashika kipande huku na kipande kule na kuviunganisha, tena inazima zile chaji hasi zilizokuwa zinavifanya visigusane. Tope hilo ndilo linaloziba matundu ya mipira ya matone. Kama umewahi kuambiwa humeti inaziba dripu, wa kulaumiwa kwanza ni ugumu wa maji, au mtu aliyetia mbolea ya kalsiamu kwenye tangi hilo hilo.

Bilauri nyingine ya humeti nikatia punje ya mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Bluu ya mrututu haikuonekana kabisa. Shaba ilikwenda moja kwa moja kwenye humiki, na nilipoongeza ikaganda tope zito kuliko la kalsiamu.

Jeli kwenye maji ya mvua ilinifurahisha hata mimi niliyezoea maabara. Gramu moja ilijaza bilauri, vipande vya kung'aa vinavyoteleza mkononi. Gramu moja nyingine kwenye maji ya kisima haikufika hata theluthi ya ile. Nikachukua kipande kilichovimba vizuri, nikakitia kwenye maji ya mrututu: pembeni kikaanza kugeuka bluu, kikajikunja, kikatema maji yake, na baada ya muda mkononi nikawa na kokoto la mpira la bluu, huku maji yaliyobaki yamepungua rangi. Chumvi ya mezani nayo iliisinyaza, lakini nilipoisuuza kwa maji ya mvua mara kadhaa ilivimba tena. Ile iliyokutana na kalsiamu nilisuuza mpaka nikachoka, ikabaki imesinyaa. Hapo tofauti ya chaji moja na chaji mbili unaiona bila darubini.

Hebu tuihesabu, maana pesa ni hesabu. Kipande kimoja cha poliakrileti ya potasiamu kina uzito wa gramu 110 kwa moli, kwa hiyo gramu moja ya jeli ina mikono kama milimoli 9. Kalsiamu moja inachukua mikono miwili, basi milimoli 4 na nusu za kalsiamu zinatosha kuijaza gramu nzima. Kisima changu kina milimoli 4 kwa lita. Lita moja na kidogo ya maji yangu imebeba kalsiamu na magnesi za kutosha kukamata kila mkono wa gramu moja ya jeli! Mche mmoja wa zabibu unapata lita ngapi kwa wiki? Si lazima ijae yote ndipo iharibike, na si kila ioni inayopita itakamatwa, lakini dripu haikomi kuleta nyingine. Nilifukua kuzunguka miche mipya niliyoiwekea jeli mwanzoni mwa msimu. Chembe zilikuwapo, ila zilikuwa ndogo, zimepauka, ngumu kiasi cha mpira wa rababendi, na ukiziminya hazitoi maji. Mizizi ilikuwa imepita pembeni. Miche isiyowekewa jeli ilikuwa sawa nayo kwa urefu.

Kitalu ni habari nyingine. Mama watoto ana miche ya nyanya na pilipili hoho kwenye trei, anamwagilia kwa maji ya tangi la bati. Humo jeli imefanya kazi yake vizuri: trei zinakaa na unyevu mchana kutwa kwenye jua la Dodoma, na miche haijalala saa nane mchana. Aliniambia, "Baba, hii ya kwangu usinichukulie," na sitamchukulia.

Nirudi kwenye humeti, maana hiyo ndiyo ninayotaka wenzangu wainunue kwa akili. Pakiti imeandikwa kwamba itaongeza uwezo wa udongo kushika madini, kilo mbili kwa ekari. Udongo wa juu wa ekari moja, sentimita 15 tu, una uzito wa tani 900 hivi. Udongo wetu wa kichanga, hata ukiuhesabia uwezo mdogo wa kushika senti-moli 5 (sehemu tano za mia za moli) za chaji kwa kilo, ekari nzima ina moli 45,000. Humeti nzuri inaleta moli 4 au 5 kwa kilo. Kilo mbili ni kama moli 10 kwenye 45,000. Huo si uboreshaji wa udongo. Anayetaka udongo ushike madini aweke samadi iliyooza vizuri kwa tani, kila mwaka, na hapo humiki atazipata kwa wingi ambao hakuna pakiti inayoweza kuufikia.

Kwa nini basi nyota nne? Kwa sababu kazi yake halisi ni nyingine, na inaifanya. Ile humeti kidogo haienei ekari nzima. Inadondoka pale pale chini ya tundu la dripu, kwenye mizizi. Pale inashika chuma na zinki na kuvizuia visigande. Udongo wenye chokaa una chuma tele, tatizo ni kwamba pH ikiwa juu ya 7 na nusu chuma hakiyeyuki, na zabibu inaonesha njaa: majani machanga yanakuwa manjano, mishipa inabaki kijani. Nilikuwa na mistari ya namna hiyo juu ya lile eneo la chokaa. Mstari mmoja niliupa humeti peke yake, mwingine chuma cha EDDHA, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali ya jina hilo, kile chekundu cha damu ya mzee, mwingine nikauacha. EDDHA ilishinda waziwazi, majani mapya yalitoka kijani. Humeti ilileta nafuu ya polepole, manjano yalipungua lakini hayakuisha. Ulioachwa ulibaki vile vile. Ila EDDHA bei yake ni mara kadhaa ya humeti, kwa hiyo sasa nampa EDDHA mche ulioathirika sana tu, na humeti inatembea shamba zima. Msikubali kuuziwa chuma cha EDTA kwa udongo wa chokaa: EDTA inakiachia chuma pH ikipanda juu ya 6 na nusu hivi, inakumbatia kalsiamu, ile ile ninayoihesabu kwenye bureti.

Kuna na hili la shaba. Tunapuliza shaba kwa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa zabibu, na mchanganyiko wa mrututu na chokaa unatumika kwenye zabibu tangu mtaalamu wa mimea Millardet alipoutangaza Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885. Shaba haiozi. Kila unachopuliza kinaishia kwenye udongo wa juu na kinabaki. Ulaya wamefika mahali pa kuweka kikomo: tangu 2019 mkulima haruhusiwi kuvuka kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Kinachoudhuru mzizi ni ile ioni ya shaba iliyo huru, na humiki ndiyo mlinzi mkubwa zaidi tuliye naye kwenye udongo wa kichanga, kwa sababu ya ule mpangilio niliousema. Mwenye shamba la zamani lililopulizwa kwa miaka mingi, mboji kwake ni kinga ya mizizi pamoja na kuwa chakula. Lakini usichanganye humeti na dawa ya shaba kwenye bomba moja la kupulizia. Shaba itakwenda kwenye humiki, ubwiri hautaona dawa, na nozeli itaziba.

Jirani yangu alishauri ninunue mtambo wa kulainisha maji, ule wenye chembe za plastiki. Nazijua chembe hizo: ni polima ya staireni iliyopewa mikono ya salfoneti, na ni wajukuu wa resini (plastiki za kubadilishana ioni) ambazo wanakemia Adams na Holmes walizitengeneza Teddington, Uingereza, mwaka 1935. Zinafanya kazi ya ajabu kwa maji ya kuogea na ya boila. Lakini zinatoa kalsiamu moja na kuweka sodiamu mbili mahali pake, na unazisafisha kwa chumvi. Maji hayo huwezi kuyamwaga shambani mwaka hadi mwaka ukabaki na udongo.

Huduma ya duka? Kijana wa kaunta ana adabu, "shikamoo mzee" haikosi, pakiti hazijapitwa na wakati na risiti anatoa bila kuombwa. Nilimuonesha picha za bilauri kwenye simu. Akaniuliza, "Sasa mzee, mteja nimwambieje?" Nikamwambia amuulize mambo mawili tu: maji yako ya kisima au ya mvua, na sabuni inatoa povu? Sabuni isiyotoa povu ni kalsiamu hiyo hiyo inashika mikono ya kaboksili ya sabuni na kuigandisha. Kila nyumba ina kipimo hicho. Alikiandika kwenye daftari lake, na nilipopita tena nilimsikia akimuuliza mama mmoja aliyetoka Mpunguzi.

Namna ninavyotumia sasa ni hivi. Humeti nailoweka kwenye ndoo ya maji ya mvua usiku kucha, nachuja kwa kitambaa cha kanga, naiingiza kwenye mfumo mwishoni mwa zamu ya umwagiliaji, kisha nafungua maji matupu dakika chache ili mipira isilale na weusi ndani. Kalsiamu naitreti inakwenda siku nyingine kabisa. Kabla ya kuchanganya kitu chochote kipya nakijaribu kwenye bilauri kwanza; kikiganda kwenye bilauri kitaganda kwenye mpira. Kilo moja inanitosha muda mrefu kuliko pakiti inavyoelekeza, na nitanunua tena kabla ya kupogoa. Jeli iliyobaki ipo kwenye kopo lenye kifuniko, kitaluni.